Dirisha la stoo: kisa cha mfanyakazi wa hoteli Malindi aliyeomba kazi yake ipangwe upya

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya mwenyewe. Nimempa jina la Zuhura, ambalo si lake. Hoteli siitaji, na mambo madogo yanayoweza kuitambulisha nimeyabadilisha. Nimekiandika kwa ajili ya wafanyakazi wenye ADHD (hali ya ubongo inayoleta shida ya kudumisha umakini na kutulia), usonji, disleksia (shida ya kusoma na kuandika) na hali nyingine za namna hiyo, watu ambao akili zao zina mpangilio usiofanana na wa walio wengi, na kwa ajili ya wale wanaowasimamia. Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyakazi kujibu barua za nidhamu. Zuhura alinijia na barua ya namna hiyo ndani ya bahasha ya khaki, amebakiwa na siku moja na nusu ya kujibu.

## Usuli

Zuhura ni mzaliwa wa Malindi, ana cheti cha usimamizi wa stoo na hesabu. Ajira zake mbili za mwanzo, moja katika duka la jumla na nyingine katika ofisi ya usafirishaji, ziliisha kwa njia moja: miezi michache ya kusifiwa, kisha makosa ya kusahau, kisha kuambiwa asirudi. Tangu shuleni ameitwa mzembe. Alipokuwa mdogo mwalimu alikuwa akimwuliza kilichosemwa dakika moja iliyopita, naye hajui, ilhali mtihani ukija anafaulu.

Hotelini alikuwa na mwaka wa nne. Miaka mitatu ya kwanza alifanya kazi chini ya mzee mmoja wa stoo, mtu wa siku nyingi katika hoteli za Malindi. Mzee alikaa dirishani, akapokea maombi ya idara na kuzungumza na wauzaji. Zuhura alikaa ndani, akajaza kadi za stoo, akalinganisha invoisi na mali iliyopokelewa, akatayarisha ripoti ya mwisho wa mwezi. Katika miaka hiyo mitatu hakupewa onyo hata moja.

Mzee alipostaafu, nafasi yake haikujazwa. Kazi za watu wawili zikawekwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo akawa Zuhura. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu barua zote za onyo zilizokuja baadaye zilieleza mabadiliko ya Zuhura na hakuna hata moja iliyoeleza mabadiliko ya kazi.

## Dirishani

Stoo hiyo ina dirisha moja linalotazama ushoroba wa kwenda jikoni. Saa moja asubuhi mambo huanza. Kijana wa jikoni anakuja: mafuta lita tano, unga wa ngano, na shefu anasema mitungi ya gesi imebaki miwili. Hajaondoka, wa baa anataka kreti za soda na maji ya chupa. Hausikipingi wanataka sabuni na karatasi za choo. Nyuma yao amesimama mvuvi na ndoo ya changu na pweza, barafu inayeyuka, anataka samaki wapimwe, alipwe, aende zake. Simu ya mezani inalia: muuza mboga yuko langoni na askari hamruhusu kuingia bila neno la stoo. Karibu yote haya husemwa kwa mdomo, na husemwa mara moja tu.

Mtu mwenye ADHD anaweza kuwa hodari wa mambo mengi na bado akaumia mahali kama hapo. Kinacholemewa zaidi ni ile kumbukumbu ya muda mfupi inayoshika maneno machache huku mkono ukiendelea na jambo jingine. Ukimkatiza, lililokuwa limeshikwa linaanguka, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba limeanguka. Ndiyo sababu kumwambia "jitahidi kukumbuka" hakusaidii: hawezi kulikumbuka neno ambalo halikupata kukaa.

ADHD haianzi ukubwani. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na ziwe zinajitokeza katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini. Kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea, dalili tano za kutokuwa makini, au tano za utukutu na msukumo, zinatosha kufikia kiwango. Wasichana wengi hupitwa. Mtoto anayerukaruka darasani humsumbua mwalimu, kwa hiyo huulizwa ana nini. Aliyetulia huku mawazo yake yametoka nje ya dirisha hamsumbui mtu.

## Mlolongo wa matukio

Mzee aliondoka mwezi wa nane. Mwezi wa tisa ripoti ya mwisho wa mwezi ilichelewa kwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi invoisi moja ya samaki ilipelekwa kwa mhasibu mara mbili, ikagunduliwa kabla haijalipwa tena, na Zuhura akapata onyo la maandishi.

Mwezi wa kumi na moja, mtoto wa binamu yake alipelekwa kuchunguzwa kwa sababu ya matatizo ya shule. Zuhura alisindikiza. Akiwa amekaa pale akisikiliza maswali anayoulizwa mtoto, alianza kuyajibu moyoni mwake. Wiki chache baadaye akaenda Mombasa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari alimhoji, akamhoji mama yake kuhusu utoto wake, akasoma ripoti za zamani za shule ambazo mama alikuwa amezihifadhi, kisha akaandika kwamba ana ADHD. Habari za dawa siziingizi hapa. Hizo ni zake na daktari wake. Barua ya daktari aliitia kwenye mkoba na hakuionyesha mtu kazini.

Kisha ikaja Desemba, hoteli imejaa wageni, wengi wao Waitaliano. Asubuhi moja kijana wa jikoni alisema dirishani kwamba gesi inakwisha. Neno hilo lilikuwa la tano au la sita katika msururu wa maombi, na Zuhura hakuliandika. Usiku wake kulikuwa na karamu ya harusi. Gesi ikakatika chakula kikiwa hakijakamilika, mitungi ikasakwa mjini kwa tuktuk, na wageni wakangoja zaidi ya saa nzima.

Mwanzoni mwa Januari akapewa barua ya kujieleza: aseme ndani ya saa 48 kwa nini asichukuliwe hatua ya nidhamu, ikiwemo kuachishwa kazi, kwa uzembe unaojirudia.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukubali kosa la gesi bila kuzungukazunguka. Zuhura mwenyewe alitaka hivyo, na ulikuwa uamuzi mzuri. Harusi ya watu iliharibika kidogo, na kulikataa hilo kungemwondolea sikio la meneja tangu mstari wa kwanza.

Uamuzi wa pili ulituchukua usiku mzima wa mazungumzo: aseme au asiseme kwamba ana ADHD. Sababu za kunyamaza zilikuwa nzito. Malindi ni mji ambao habari hutangulia mwenyewe kufika nyumbani, na kwa wengi neno "daktari wa akili" lina maana moja tu. Tena mkataba wake ulikuwa wa msimu, na mkataba wa msimu ukiisha mwajiri hahitaji kukufukuza. Asipokuita tena, basi.

Sababu za kusema zilikuwa za kisheria na za kibinadamu. Kifungu cha 260 cha Katiba ya Kenya kinaeleza ulemavu kwa upana, kikitaja hali za mwili, za hisi, za akili, za kisaikolojia na nyinginezo zinazoathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu uwezo wa mtu kufanya shughuli za kila siku. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwemo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi, maadamu marekebisho hayo hayamtwiki mwajiri mzigo uliopita kiasi. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake sasa imechukuliwa na ile ya 2025, ilikuwa tayari inamtaka mwajiri afanye marekebisho ya majengo, ya utaratibu wa kazi, au ya namna nyingine. Watu husikia "marekebisho" wakafikiria njia ya kiti cha magurudumu. Utaratibu wa kazi nao umo. Lakini mwajiri asiyejua jambo hawezi kulaumiwa kwamba hakulirekebisha.

Zuhura akachagua njia ya kati. Angesema ana hali hiyo na inagusa kazi yake wapi, basi. Tulimwomba daktari barua ya pili, fupi, isiyo na historia ya maisha yake wala majibu ya mama yake: sentensi chache tu za kueleza kinachomlemea kazini na kinachomsaidia. Alipoiwasilisha aliandika kwamba barua ni ya faili la ofisi ya HR, yaani ofisi ya wafanyakazi, pekee, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti.

Uamuzi wa tatu ndio ninaoupa uzito kuliko yote, na ulitoka kwake. Alikaa chini na madaftari yake akaorodhesha kila kosa alililofanya tangu mzee aondoke, akaandika mbele ya kila kosa lilianzia wapi na saa ngapi. Yalikuwa 14. Kumi na moja yalianzia dirishani, kwa neno la mdomo, kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Mawili yalikuwa ripoti za mwisho wa mwezi zilizochelewa. Moja hakuweza kulieleza, akaliandika hivyo hivyo. Niliposoma karatasi ile niliona kwamba hatukuwa tena na kesi ya tabia ya mtu. Tulikuwa na kesi ya dirisha.

Katika kutafuta ushahidi akakumbuka jambo jingine: mwongozo wa hoteli yenyewe, ule uliofungwa kwa waya na kuwekwa kabatini, ulisema hakuna kitu kinachotoka stoo bila fomu iliyosainiwa na mkuu wa idara. Vitabu vya fomu vilikuwepo, vyenye nakala ya kaboni. Vilikuwa vimeachwa siku nyingi kwa sababu mzee alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na kila mtu alimzoea.

Mwishoni aliomba mambo matatu. La kwanza, kila idara iandike maombi yake kwenye kitabu, na vitu vitolewe kwa saa maalumu: saa 12:30 hadi saa 2:00 asubuhi, na saa 9:00 hadi saa 10:00 alasiri, dharura ikiruhusiwa kwa saini ya mkuu wa idara. La pili, wauzaji wa nje wapokelewe saa 3:00 hadi saa 5:00, ili anayepima samaki asiwe pia anapokea maombi ya sabuni. La tatu, hesabu ya stoo igawanywe, rafu kadhaa kila wiki, badala ya kulundikwa siku mbili za mwisho wa mwezi. Alitamani pia meza yake itolewe ushorobani. Tukaliacha, kwa kuwa lilihitaji fundi na pesa, na ombi moja la gharama lingempa meneja nafasi ya kuyakataa yote kwa pamoja.

Kiini cha barua yake kilikuwa hiki:

"Kosa la gesi ni langu. Niliambiwa kwa mdomo asubuhi, sikuandika, nikasahau, na najua hoteli iliaibika mbele ya wageni. Nimechunguzwa na daktari na nina ADHD. Hali hii inanipa shida ya kushika maagizo mengi ya mdomo kwa wakati mmoja. Hainizuii kuhesabu, kuandika wala kutunza mali, na kazi yangu ya miaka mitatu ya mwanzo ipo kwenye rekodi zenu. Nimeambatanisha orodha ya makosa yangu yote na mahali yalipoanzia. Naomba utaratibu ulioandikwa hapa chini ujaribiwe kwa wiki nane, kisha nipimwe."

## Kikao

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji mbaya au utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wenzake walimshauri achukue mwakilishi wa chama mwenye sauti kubwa. Zuhura akamchukua supavaiza wa hausikipingi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, ambaye naye alikuwa akichoka kutuma wasichana dirishani mara nne kwa siku.

Mimi sikuwemo kikaoni. Haya ni kama yalivyosimuliwa na wote wawili. Meneja alianza kwa kuuliza, "Zuhura, kila mtu akija na barua ya daktari, hii hoteli itaendeshwa na nani?"

"Bosi, sikuomba nipunguziwe kazi," akajibu. "Naomba kazi inifikie kwa karatasi."

Shefu, ambaye ana umri wa baba yake, hakupendezwa. "Mwanangu, jikoni asubuhi hakuna wa kukaa akaandika."

"Shefu, shikamoo yako iko pale pale. Lakini ile siku ya gesi, kama ungeniandikia, karatasi ingekuwa mbele yangu mpaka jioni. Ningekosea, karatasi ingenishtaki. Sasa hivi hatujui hata kijana alinena nini na mimi nilisikia nini."

Pakawa kimya. Ndipo supavaiza akatoa neno lake moja la siku ile: "Mzee alikuwa akituambia, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeacha kuandika kwa sababu yeye alikuwa anatuandikia kichwani." Meneja akaomba aletewe ule mwongozo wa kabatini, akausoma mbele yao.

## Matokeo

Hakuachishwa kazi. Alipewa onyo la pili la maandishi kwa ajili ya gesi, akalipokea bila kukata rufaa. Saa za stoo na kitabu cha fomu vikakubaliwa kwa majaribio ya wiki nane. Hesabu ya kila wiki ikakubaliwa kwa mdomo tu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Vijana wa jikoni waliendelea kuja saa tatu wakisema wametumwa. Kumkatalia mtu aliyetumwa na mkubwa si jambo jepesi kwa binti wa Malindi, na Zuhura aliniambia hilo lilimchosha kuliko kazi yenyewe. Tulitengeneza sentensi moja ya kutumia kila mara, isiyo na ubishi wala maelezo: "Naomba shefu aniandikie nikupe sasa hivi." Aliibandika ndani ya dirisha upande wake, aisome akibabaika. Wiki ya tatu kitabu kikaanza kuja kimejazwa.

Ripoti za mwezi wa pili na wa tatu zilifika kwa mhasibu kwa wakati. Makosa ya dirishani yalibaki mawili katika wiki nane, yote ya siku ambazo dharura zilifuatana. Baa na hausikipingi waliuzoea utaratibu haraka, na supavaiza akaanza kumtuma msichana mmoja mara mbili kwa siku.

Mengine hayakwenda vizuri. Barua ya daktari, iliyoombwa ikae kwenye faili, ilinakiliwa ikatiwa katika makabrasha ya kikao na kugawiwa kila aliyehudhuria. Haikupita wiki, kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi mtu akaanza kumwita "mgonjwa wetu". Mwingine akasema ana jini wa kusahau. Habari zikafika nyumbani, shangazi yake akampeleka kusomewa, naye akaenda kwa heshima na akarudi na moyo mtulivu kidogo; dua haikumdhuru. Kilichomuumiza ni kwamba jambo alilolisema kwa hiari, kwa mipaka aliyoiweka mwenyewe, lilitembea bila mipaka hiyo.

Hesabu ya kila wiki nayo ilivunjika Pasaka, hoteli ilipojaa. Hakuna aliyepangwa kushika dirisha wakati Zuhura yuko kwenye rafu, na wiki nane zilipoisha hakuna aliyeitisha kikao cha kumpima. Mwisho wa Aprili mvua za masika zikaingia, hoteli ikafunga sehemu yake kama kila mwaka, na mkataba wake ukaisha pamoja na wa wenzake.

## Uchambuzi

Kilichomwokoa, kwa maoni yangu, ni ile orodha ya makosa 14. Barua ya daktari peke yake ingemwacha meneja na maswali mawili, kama anamwamini daktari na kama anamhurumia mfanyakazi, na yote mawili yangeweza kujibiwa vibaya. Orodha ilimwonyesha mahali. Meneja wa hoteli hajasomea ADHD, lakini ushoroba wa jikoni kwake anaujua. Mfanyakazi anayejiandaa kuomba marekebisho aanze hapo: kosa lipi, lilianzia wapi, saa ngapi, na ni siku zipi kazi ileile ilikwenda sawa. Zile siku njema ni ushahidi wenye nguvu sawa na makosa, maana zinaonyesha mazingira yanayomfaa. Kwa Zuhura, siku njema zilikuwa miaka mitatu.

Ilisaidia pia kwamba ombi lake kuu lilikuwa sheria ya hoteli yenyewe. Si kila mtu atapata bahati hiyo. Lakini inafaa kusoma mwongozo wa kazi, mkataba na maelezo ya cheo kabla ya kuandika chochote. Mara nyingi mahali pa kazi pameshaahidi kwenye karatasi jambo ambalo pameacha kulitenda.

Kuhusu upinzani wa jikoni, ni rahisi kudhani ulitokana na chuki dhidi ya hali yake. Sidhani. Fomu yenye nakala ya kaboni inaonyesha nani kachukua nini, na jikoni iliyozoea kuchukua kwa neno la mdomo haiupendi mwanga huo hata kama haina la kuficha. Zuhura alipolielewa hili aliacha kulichukulia kama tusi kwake, akamwendea shefu peke yake alasiri moja, wakakubaliana kwamba kitabu kikae jikoni na kijazwe usiku, vyombo vikioshwa, badala ya asubuhi. Mazungumzo hayo ya dakika chache yalifanya kazi ambayo uamuzi wa kikao haukuweza kuifanya.

Kuvuja kwa barua ni kosa la ofisi, na ni kosa zito. Habari za afya ya mfanyakazi hazihitajiki mezani mwa shefu. Alichohitaji kujua shefu ni saa za stoo na jinsi ya kujaza fomu, mambo yanayoandikika kwenye memo isiyotaja ugonjwa wala daktari. Afisa wa HR hakuwa na nia mbaya. Alikusanya karatasi zote za faili kama anavyofanya kwa kila kikao. Lakini nia njema haikuirudisha siri. Kwa anayepanga kusema hali yake, nashauri aandike maombi katika karatasi moja na habari za afya katika karatasi nyingine, zisishonwe pamoja, kila moja iandikwe juu inamhusu nani. Tulikuwa tumeomba usiri kwa sentensi moja ndani ya barua iliyobeba kila kitu, na makabrasha yakaimeza sentensi hiyo.

Kuvunjika kwa hesabu ya kila wiki kuna somo la namna nyingine. Lilikuwa ombi pekee lililohitaji mtu wa pili, na ndilo pekee lililoachwa bila maandishi wala jina la msaidizi. Kazi iliyokuwa ya watu wawili ilibaki ya mtu mmoja. Marekebisho ya Zuhura yaliifanya iwezekane siku za kawaida, na siku za kujaa yakashindwa. Hapa nasema wazi: hoteli iliokoa mshahara wa mtu mmoja na kuihamishia gharama hiyo kwenye kumbukumbu ya mfanyakazi wake, kisha ikamwandikia barua za uzembe. Mtu asiye na ADHD huenda angechukua muda mrefu zaidi kabla ya kuanguka, lakini sijui mtu ambaye angedumu pale dirishani misimu mingi.

Mkataba wa msimu ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Ulinzi wa kifungu cha 5 unagusa hata kuajiri, kwa hiyo kutomwita mtu kwa sababu ya ulemavu wake ni kosa. Kulithibitisha ni shughuli. Ndiyo maana tulihifadhi nje ya hoteli nakala za kila kitu: barua, orodha, muhtasari wa kikao, na ripoti zile mbili zilizofika kwa wakati, zikiwa na saini ya mhasibu.

## Baada ya masika

Mwezi wa saba Zuhura aliitwa kazini. Safari hii mkataba ulikuwa wa miezi mitatu badala ya sita. Aliuliza sababu kwa maandishi, akajibiwa kwamba mikataba yote ya idara za nyuma, zile zisizokutana na wageni, imefupishwa, na wenzake wawili walithibitisha kwamba yao pia ni ya miezi mitatu. Akasaini.

Kabla ya kusaini aliomba utaratibu wa stoo uambatanishwe na mkataba wake. Meneja alikataa, akasema hataki mkataba wa mtu mmoja uwe tofauti na wa wengine. Badala yake alitoa memo kwa idara zote: saa za stoo, saa za wauzaji, hakuna kitu bila fomu, na siku za hesabu kijana wa baa ashike dirisha. Jina la Zuhura halimo katika memo hiyo, wala ADHD. Amenieleza kwamba anaipenda zaidi hivyo, kwa kuwa itamkuta hata yule atakayekuja baada yake.

Bado anafikiria kama ajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kuna manufaa, msamaha wa kodi ya mapato ukiwemo, na kuna tathmini ya kupitia hospitali ya serikali, na kuna kadi ambayo mtu akiiona ataiulizia. Baada ya yaliyotokea kwenye chumba cha chakula, hilo la mwisho analipima polepole, na hakuna anayemharakisha.